Jiwe la Kilo Ishirini

Emerensiana hakuwa mtu wa kupiga kelele akikasirika. Hasira yake ilikaa kiunoni. Ukimwona anafungua fundo la kanga, analikaza, analifungua tena, analikaza tena, ujue kuna mtu siku hiyo ataambiwa maneno ambayo hatayasahau. Na Ijumaa ile, kwenye uwanja wa mpira wa Kasokola, mbele ya helikopta nyekundu na watu wote waliokuja kuishangaa, alikaza kanga mara nne.

Kisa chenyewe kilikuwa mzani.

Mwingine angeona ni jambo dogo. Lakini mwanamke huyu aliishi na mzani miaka thelathini na moja. Alimaliza darasa la saba kule Inyonga wakati ambapo wasichana wa Kikonongo waliofika huko walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na chama cha msingi cha tumbaku kilipotafuta mtu wa kusoma kilo na nusu kilo bila kubabaika, wanaume watatu walijaribiwa wakashindwa, akaitwa yeye. Tangu hapo jina lake likawa Mama Mzani. Wakulima waliokuwa tayari kushikana mashati kwa robo kilo walinyamaza wakisikia sauti yake inatangaza uzito wa belo la tumbaku.

Siyo kwamba walimwogopa. Kila asubuhi ya soko, kabla belo la kwanza halijainuliwa, alichukua jiwe la mzani la kilo ishirini, chuma kitupu chenye pete juu, akaliweka mzanini mbele ya watu wote na kupaza sauti: "Jiwe kwanza! Ishirini!" Mzani ukisoma ishirini, soko limefunguliwa. Ukisoma kumi na tisa na nusu, hakuna soko, hata mnunuzi awe amekuja na suti na gari mbili. Alipostaafu, chama kilikuwa kimenunua mizani ya umeme, na jiwe lilikuwa limetupwa nyuma ya ghala. Akaliomba, wakampa huku wanacheka. Akahamia nalo Kasokola kwa binti yake Odeta. Odeta alipofariki, jiwe likabaki linazuia mlango usibamizwe na upepo, na Emerensiana akabaki na mjukuu mmoja tu duniani, Wema.

Wema alikuwa na miaka ishirini na mitatu, anasuka nywele saluni moja Mpanda mjini, anarudi Kasokola kila jioni kwa bodaboda. Mcheshi, mbishi, na simu haimtoki mkononi. Yeye ndiye aliyeleta habari za helikopta nyumbani, siku mbili kabla haijatua.

"Bibi, wanang'oa milango! Unakaa pembeni kabisa, miguu nje! Inapanda juu, halafu inapiga mbizi kichwa chini kuelekea mlimani, ukidhani umekufa inanyanyuka. Jumamosi napanda. Nimeshalipia."

"Umelipia kufa."

"Nimelipia kuruka, bibi. Kufa ni bure."

Ndiyo maana Ijumaa Emerensiana alikwenda kuangalia kwa macho yake. Kampuni ilijiita Roho Juu. Meneja wao, jamaa mmoja wa miwani myeusi aitwaye Edgar, alikuwa na kipaza sauti na maneno mengi. Walikuwa wamejenga turubai, na mbele yake wakatandika zulia jekundu juu ya nyasi, nene kama godoro, ili abiria watembee kama mabwana wakubwa hadi kwenye helikopta. Kibali chao kilibandikwa kwenye nguzo. Watu wote walipita wakaona muhuri, ikawatosha. Emerensiana alivaa miwani akakisoma chote, mpaka tarehe. Kiliruhusu kubeba abiria kuona mandhari. Mbizi haikuandikwa, wala kung'oa milango haikuandikwa.

Akamfuata Edgar.

"Shikamoo, bibi yangu!"

"Marahaba. Mbizi imeandikwa wapi hapa?"

Edgar akasogeza kipaza sauti ili watu wapate kusikia. "Bibi anauliza mbizi! Bibi, mbizi ni mandhari ileile, ila inakuja haraka!"

Uwanja ukaangua kicheko. Kanga ikakazwa mara ya kwanza.

"Na mtu akidondoka?"

"Kila mtu anajaza fomu kwa hiari yake. Soma mwenyewe, naona unasoma." Akampa karatasi. Iliandikwa: nimeelewa kwamba mchezo huu una hatari, na ninazikubali hatari zote mimi mwenyewe. Chini yake pa kuweka sahihi. "Watu wazima, bibi. Anayetaka anapanda, asiyetaka anakaa na mbuzi wake."

Kanga mara ya pili. Kweli, mtu mzima ni mtu mzima. Akageuka aondoke, ndipo akaona foleni ya kupimwa.

Pale juu ya zulia kulikuwa na mzani mdogo wa kioo, ule wa kuweka bafuni. Kila abiria alipanda, binti wa kampuni akaandika kilo kwenye orodha, na orodha ikapelekwa kwa rubani. Aliyezidi kilo mia moja harushwi. Venant muuza nyama, mwanamume mwenye tumbo linalotangulia mlangoni, alipanda juu ya mzani amefumba macho kama anayesubiri kuchapwa.

"Themanini na nane!"

Venant akafumbua macho. Halafu akacheza. Akacheza kweli, mikono juu, nyama zinatikisika, watu wanampigia makofi. "Kituo cha afya wanasema nina mia na nne! Kumbe wananionea!"

Wakulima waliokuwa hapo wakafurahi pamoja naye. Hapo ndipo Emerensiana alipostuka. Hawa ni watu wa tumbaku. Maisha yao yote mizani imewapunja, wamezeeka wanagombana nayo. Leo mzani umepunja ukawapendeza, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Kila aliyeshuka pale alicheka: mwembamba kuliko alivyodhani. Wanawake walirudi kupimwa mara ya pili kwa raha tu.

Akaomba apande. Wakamruhusu, wakidhani bibi naye anataka raha. Jumanne ile kliniki ya presha walimpima kilo sitini na nane. Kioo kikasema hamsini na saba.

Akainama akachungulia chini. Vile viguu vinne vya mzani vilikuwa vimezama kwenye zulia, tumbo la mzani limelala juu ya manyoya. Uzito mwingine ulibebwa na viguu vinavyopima, mwingine ukabebwa na zulia lisilopima kitu. Yeye aliyaona hayo tangu zamani, wanunuzi walipokuwa wakiweka mizani ya chama juu ya magunia.

"Meneja, mzani wako unadanganya. Uweke kwenye saruji."

"Bibi yangu," Edgar akasema, safari hii bila kipaza sauti na bila tabasamu, "hii ni helikopta. Siyo tumbaku."

Mara ya tatu na ya nne zilikazwa hapohapo.

Jioni, Wema akila ugali na mlenda, alisikiliza maneno yote ya mzani mpaka mwisho. Halafu akafuta mkono.

"Bibi, pale wamepanda watu arobaini leo. Nani kafa?"

"Lori linavuka daraja bovu mara arobaini. Siku ya arobaini na moja ndiyo unaitwa msibani."

"Siku zote lori, lori. Mimi sipandi lori."

"Hupandi na hiyo nyingine."

"Maisha ni yangu, bibi! Nimesuka vichwa vya watu miezi minne nikiwaza siku moja tu. Wewe ulishawahi kutaka kitu kwa raha yako tu? Hata siku moja? Umekaa unapima maisha ya watu!" Akaingia ndani akafunga mlango, na kwa kuwa jiwe lilikuwa pale, mlango haukubamizwa vizuri, ikabidi auvute mara mbili.

Emerensiana alikaa palepale na chungu cha mlenda. Kuna jambo la lori ambalo Wema hakulijua. Zaidi yake, hakuna mtu aliye hai aliyelijua.

Jumamosi asubuhi alizungushia jiwe kanga ya zamani, akamwita Maiko wa bodaboda, baba wa watoto watano na mpenda maneno.

"Bibi, umebeba nini, bomu?"

"Ukweli. Endesha."

Walipofika, Wema na wenzake watatu walikuwa wameshakaa kwenye helikopta: Venant muuza nyama mbele, Aristide fundi redio na Kabula wa saluni katikati, na Wema pembeni, upande usio na mlango, mkanda kiunoni, miguu nje, simu juu. Panga zilikuwa bado hazijaanza kuzunguka. Rubani, kijana mwembamba aitwaye Arcade, alikuwa anasoma kwa sauti orodha ya uzito, Wema hamsini na moja, na kuandika kwenye karatasi iliyofungwa pajani.

Emerensiana hakwenda kwa Wema. Alikwenda kwenye zulia. Akajitwika jiwe kichwani kutoka kwenye bodaboda, kama mtu anayetoka kisimani, akalitua juu ya mzani wa kioo. Kisha akatoa sauti ambayo uwanja ule haukuwahi kuisikia, ila wazee waliotoka Inyonga walishtuka kama wameitwa majina yao.

"Jiwe kwanza!"

Watu wakageuka.

"Hili ni jiwe la chama, lina muhuri wa vipimo ubavuni, ni ishirini! Njooni msome! Mzani unasema ngapi?"

Mzee mmoja akainama. "Kumi na sita."

"Rudia!"

"Kumi na sita, Mama Mzani!"

Mtu wa tumbaku unaweza kumdanganya kwa mengi, lakini jiwe la ishirini likisoma kumi na sita anajua maana yake bila mwalimu. Minong'ono ikaanza, halafu ikawa kelele. Edgar akaja mbio.

"Toeni huyu bibi! Watu wamesaini! Wamekubali hatari wenyewe!"

Wema naye alikuwa anapiga kelele kutoka kwenye kiti chake. "Bibi, ondoka! Unaniaibisha! Nimekubali mwenyewe, sikia, nimekubali!"

Hapo hasira ya Emerensiana ikatoka kiunoni ikapanda mdomoni. Akamwacha Edgar amesimama, akamgeukia mjukuu wake, watu wote wakisikia.

"Umekubali nini? Babu yako Japhet naye alikubali! Mwaka themanini na tisa, mvua zinaanza, tumbaku ya mwisho inatakiwa itoke Inyonga. Lori likajazwa tani tisa na nusu. Dereva akaniambia, Mama Odeta, andika saba, tukiandika tisa tutazuiwa kizuizini. Nikaandika saba. Mkono huu! Japhet alikuwa utingo, akapanda juu ya mabelo, akaniuliza kutoka juu, mke wangu, leo ngapi? Nikamwambia saba. Akacheka, akasema saba ni mchezo. Kwenye mteremko wa Mto Koga breki zikashindwa. Tulimtoa chini ya mabelo niliyoyapima mimi!"

Akamnyooshea Wema kidole.

"Lori la tani saba Japhet alilikubali. La tani tisa na nusu hakulikubali, kwa sababu hakuambiwa! Sasa wewe umesaini karatasi ya kilo hamsini na moja. Ni zako hizo? Huyu mnene hapo mbele ni themanini na nane? Mtu anakubali hatari aliyoambiwa. Hii hamkuambiwa. Hii mmepunjwa!"

Rubani Arcade alikuwa ameshashuka. Alichukua mzani kwa mkono mmoja, akavuka uwanja hadi kwenye ngazi ya saruji ya chumba cha wachezaji, akauweka chini. Akarudi akaomba jiwe kwa mikono miwili, kwa adabu. Kwenye saruji jiwe likasoma ishirini.

Akawapima abiria wake wanne upya, mmoja baada ya mwingine. Wema sitini na moja. Kabula sabini na nne. Aristide themanini na mbili. Venant akajaribu kujikunja kidogo, kama vile uzito unaweza kufichwa mfukoni: mia na nne. Arcade akajumlisha kwenye paja, akajumlisha tena.

"Wamezidi orodha kwa kilo arobaini na tisa," akamwambia Edgar. "Na jana nimeruka hivyo siku nzima."

"Na hukuanguka! Twende, jua linapanda."

"Ndiyo ubaya wenyewe, jua linapanda. Joto hili hewa ni nyepesi. Ukiwa chini kabisa kwenye mbizi unataka kuinuka, hizo arobaini na tisa ndizo zinazokukatalia. Jana mara mbili ilichelewa kuinuka. Nilidhani ni upepo." Akakunja orodha. "Leo siruki. Na mbizi sipigi tena."

Ungedhani watu wangemshukuru yule bibi. Wapi! Walipoelewa kwamba siku imekufa, waliokuwa foleni walianza kuguna, na mguno ukahama kutoka kwa Edgar ukaja kwake. Venant alisimama mbele yake ameshika kiuno.

"Mama Mzani, siku moja nimekuwa themanini na nane. Siku moja tu! Umeshindwa kuniachia?"

"Nenda kawe themanini na nane nyumbani kwako," Emerensiana akamjibu, akajitwika jiwe lake.

Wema hakupanda bodaboda. Alitembea nyuma ya bibi yake hatua ishirini, njia nzima, na Emerensiana hakugeuka. Walipofika uani ndipo msichana akasema, kwa sauti ndogo iliyo mbaya kuliko kelele.

"Miaka yote uliniambia barabara ilikuwa mbovu."

"Ndiyo."

"Mama naye ulimwambia barabara."

"Ndiyo."

"Amekufa anajua barabara."

Emerensiana alitua jiwe mlangoni. Hasira aliyokuwa nayo kwa Edgar ilikuwa kubwa, lakini alijua ilizaliwa wapi. Ilizaliwa kwenye kalamu yake mwenyewe, na miaka yote hii alikuwa akiitafutia mtu mwingine wa kumtupia.

Jumapili walikwenda kanisani kila mtu na njia yake. Waliporudi Wema alibadilisha nguo, akavaa suruali na viatu vya kamba.

"Wamesema leo wanaruka," akasema. "Wamewabembeleza watu waliolipa. Arcade amekataa kushika usukani mpaka mzani ukae kwenye saruji. Milango imerudishwa, ila upande mmoja unaachwa wazi kwa anayetaka, kwenda na kurudi, hakuna mbizi. Watatu tu kwa safari."

"Kwenye kibali hakuna mlango wazi."

"Najua. Nimekisoma." Akamtazama bibi yake usoni, mara ya kwanza tangu jana. "Najua uzito wangu, najua kibali kinasema nini, najua babu alikufaje. Nani mwingine pale uwanjani anajua yote hayo? Nikiamua kupanda leo, nimekubali kweli. Siyo?"

Emerensiana akashika fundo la kanga. Alitaka kusema hapana. Alikuwa na hapana elfu moja, nzito kuliko jiwe. Akalikaza fundo, akaliachia.

"Basi usiende peke yako," akasema. "Nisaidie kubeba."

Wakalibeba wawili, kila mmoja ameshika mwisho wa kanga, jiwe linaning'inia katikati. Uwanjani Edgar alipowaona alitoka kwenye turubai ameinua mkono kuwazuia, lakini Arcade akamwita kwa jina, mara moja tu, mkono ukashuka. Emerensiana akaliweka jiwe kwenye saruji bila kuomba ruhusa ya mtu. Ishirini. Wema akapanda. Sitini na moja. Binti wa kampuni akaandika.

Dakika nne helikopta ilipokuwa juu, Emerensiana alisimama peke yake katikati ya vumbi, shingo nyuma, akifuata doa jekundu juu ya miti, na kila dakika alikuwa amekasirika. Alikasirika na Edgar, na muhuri ambao kila mtu anauona na hakuna anayeusoma, na wakulima waliofurahia kupunjwa. Alikasirika na Japhet aliyecheka. Na miguu miwili ile midogo iliyoning'inia nje kule juu, alikasirika nayo kuliko vyote.

Ilipotua, Wema alishuka anacheka na machozi yanamtoka, nywele zimesimama. Akaja moja kwa moja.

"Nzuri?" bibi akauliza, kwa ukali.

"Nzuri, bibi. Inatisha. Nzuri." Akafuta uso kwa kiganja. "Kesho wanahamia Sumbawanga. Nimemsikia Edgar anawaambia wapakie zulia."

Emerensiana akatazama turubai. Kweli, zulia lilikuwa linakunjwa kwa uangalifu, kama kitu kitakachotumika tena. Akaenda akasimama juu yake, na waliokuwa wanalikunja wakaacha.

"Namba ya simu ya waliotoa kibali imeandikwa pale kwenye nguzo," akamwambia Wema bila kugeuka. "Macho yako ni mazuri kuliko yangu. Isome. Piga hapahapa, weka sauti kubwa, nitaongea mwenyewe."

Abiria watatu wa safari iliyofuata walikuwa wameshajipanga kwenye ngazi ya saruji, wa kwanza ameinua mguu apande juu ya mzani. Emerensiana alimwona kwa pembe ya jicho.

"Wewe, shusha mguu!" akasema, simu ikiita. "Jiwe kwanza."